Mguu wa Polio Unahisi Sindano: Dutu ya Kijivu Kichwani na Mgongoni

Kwa mtu aliyekulia Ujiji, Mwandiga au vijiji vya kandokando ya ziwa, watu wa aina hizi mbili si wageni. Wa kwanza ni mzee aliyeugua polio utotoni. Mguu wake mmoja ni mwembamba, mfupi kuliko mwenzake, umelegea na hauinuki. Lakini mbu akitua juu yake anamsikia, na chai ya moto ikimmwagikia anashtuka kama mtu yeyote. Wa pili ni kijana aliyeanguka kutoka juu ya mchikichi akikata mikungu. Miguu yake yote miwili haimtii. Imekakamaa, na usiku mara nyingine goti linajikunja lenyewe bila kuombwa. Kaa la moto likidondokea unyayo wake, hajui mpaka anuse harufu ya kuungua.

Wote wawili wamepooza, na mtaani maelezo huishia hapo, au huhamia kwa nani aliyemroga nani. Ukitazama kwa makini utaona kwamba kilichoharibika kwa mmoja ndicho kilichosalimika kwa mwenzake. Mzee amepoteza dutu ya kijivu ya mgongo, yaani sehemu yenye seli za neva, na kubaki na dutu nyeupe, yaani nyuzi zinazopeleka ujumbe. Kijana amekatikiwa dutu nyeupe, na sehemu kubwa ya ile ya kijivu iliyo chini ya jeraha bado ni hai, inafanya kazi bila bosi. Sijui njia fupi zaidi ya kuielewa dutu ya kijivu kuliko kuwalinganisha watu hao.

Tuanze na rangi, kwa sababu inapotosha kidogo. Ubongo ukikatwa baada ya kukaa kwenye fomalini, dawa ya kuzuia kuoza, huonyesha maeneo mawili: moja la kijivu na jingine jeupe la maziwa. Ndani ya mtu aliye hai, hilo la kijivu lina wekundu unaoelekea hudhurungi, maana limejaa vishipa vidogo vya damu. Weupe wa lile jingine hutoka kwenye mielini, utando wenye mafuta mengi unaozizungushia nyuzi za neva. Kwa hiyo tofauti ya rangi ni tofauti ya vilivyomo. Kwenye dutu ya kijivu kuna miili ya niuroni, yaani seli za neva zenyewe, pamoja na matawi yao mafupi yanayopokea taarifa, sinapsi ambako niuroni moja huipasha nyingine habari, na seli za glia zinazozilisha na kuzilinda. Kwenye dutu nyeupe kuna aksoni, nyuzi ndefu zinazotoka kwenye seli hizo kupeleka ujumbe mbali. Nyuzi nene zilizovikwa mielini vizuri hupeleka ujumbe kwa kasi inayokaribia mita 120 kwa sekunde. Zile nyembamba zisizo na mielini hujikokota, mita 1 au 2 tu kwa sekunde.

Reli ya Kati inasaidia hapa. Treni kutoka Dar es Salaam ikifika Tabora, njia zinagawanyika: moja inakuja Kigoma, nyingine inakwenda Mwanza. Katikati ya pori hakuna anayeamua behewa liende wapi, reli inabeba tu. Uamuzi unafanyika Tabora. Dutu ya kijivu ndiyo Tabora, na dutu nyeupe ndiyo reli. Ila mfano huu usivutwe sana, kwa sababu niuroni moja inaweza kupokea sinapsi maelfu kwa wakati mmoja, nyingine zikiichochea na nyingine zikiizuia, nayo inajumlisha yote ndani ya sehemu ndogo ya sekunde kabla ya kurusha ujumbe au kukaa kimya. Huko kuchochewa na kuzuiwa kwa pamoja ndiko kazi yenyewe. Dutu ya kijivu ikibaki na uchochezi tu bila kizuizi, matokeo yake huonekana kwa mtu mwenye degedege.

Sasa twende mgongoni, ambako mambo ni rahisi kuonekana. Ndani ya pingili za uti wa mgongo unapita ugwe mgongo, wenye urefu wa sentimeta 42 hadi 45 kwa mtu mzima na unene wa kama kidole kidogo. Neva jozi 31 hutoka humo kwenda mwilini. Ukiukata ugwe huo mkato wa kulala, utaiona dutu ya kijivu katikati ikiwa na umbo la herufi H, imezungukwa pande zote na dutu nyeupe. Miguu ya nyuma ya H hiyo huitwa pembe za nyuma, na kazi yake ni kupokea hisia za maumivu, joto, baridi na mguso. Pembe za mbele ni nene zaidi, na humo zimekaa niuroni kubwa zinazoamuru misuli. Aksoni ya niuroni moja ya humo inaweza kutoka kiunoni hadi misuli midogo ya wayo, karibu mita nzima, ikiwa ni sehemu ya seli moja tu.

Kwamba nyuma ni hisia na mbele ni mwendo kulijulikana kwa majaribio ya Mfaransa François Magendie mwaka 1822, aliyekata mizizi ya neva ya watoto wa mbwa na kutazama kinachopotea. Mskoti Charles Bell alikuwa amekwisha kuandika kuhusu mizizi ya mbele mwaka 1811, na ugomvi wa nani alitangulia ulidumu miaka mingi. Siku hizi majina yote mawili huwekwa pamoja, suluhu ya kistaarabu ingawa si lazima iwe ya haki.

Dutu hiyo ya mgongoni haina unene uleule kote. Hunenepa shingoni, panapohudumia mikono, na tena sehemu ya chini panapohudumia miguu. Kati ya hapo, kifuani na juu kidogo ya kiuno, kuna pembe ndogo ya pembeni inayoshughulikia mambo tusiyoyaamua wenyewe, kama jasho, mapigo ya moyo na kubana kwa mishipa ya damu.

Na tusidhani kuwa mgongo ni bomba tu la kupitishia amri za kichwa. Mvuvi wa Kibirizi akikanyaga ndoano gizani, mguu wake unaruka kabla hajajua ameumia. Taarifa imeingia pembe ya nyuma, ikapita kwenye niuroni za kati, ikatoka pembe ya mbele, na misuli ya paja ikakunja goti. Wakati huohuo mguu wa pili umeamriwa ukaze, asianguke. Uamuzi wote huo umefanyika mgongoni. Ubongo unapewa taarifa baadaye kidogo, na hapo ndipo matusi yanapotoka.

Niweke neno hapa kuhusu sindano ya mgongo, kwa sababu wapo wazazi wanaokataa mtoto mwenye dalili za homa ya uti wa mgongo asichukuliwe maji ya mgongo, wakihofia atapooza. Ugwe mgongo wa mtu mzima haufiki chini ya mgongo. Unaishia karibu na pingili ya 1 au ya 2 ya kiuno, na kwa mtoto mchanga hushuka chini kidogo tu ya hapo. Sindano huingizwa chini zaidi, kwa kawaida kati ya pingili ya 3 na ya 4 au ya 4 na ya 5, ambako kuna mizizi ya neva inayoelea kwenye maji. Hakuna dutu ya kijivu ya kutobolewa mahali hapo. Uziwi, kifafa au udhaifu unaowabaki baadhi ya watoto huletwa na ugonjwa wenyewe, na kuchelewa kupata dawa huongeza hatari hiyo.

Turudi kwa mzee wetu. Virusi vya polio huingia kwa mdomo, kupitia maji au chakula chenye uchafu wa choo, vikazaliana utumboni. Walio wengi hawaoni dalili yoyote. Kwa takriban mtu 1 kati ya 200 walioambukizwa, virusi hufika kwenye mfumo wa neva na kumpoozesha, na hapo vina uchaguzi wa ajabu: vinaingia hasa kwenye niuroni kubwa za pembe ya mbele na kuziua. Pembe ya nyuma, iliyo milimita chache tu kutoka hapo, kwa kawaida husalimika. Ndiyo maana mzee anasikia sindano na hawezi kuuondoa mguu. Hisia zimepanda kupitia dutu nyeupe hadi kichwani, kichwa kimejibu, amri imeshuka salama mpaka kiunoni, na pale kiunoni hapana wa kuipokea. Mwaka 1908, kule Vienna, Karl Landsteiner na Erwin Popper walichukua tishu ya ugwe mgongo wa mtoto aliyefariki kwa polio, wakawadunga nyani, nao wakaugua. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kuwa kisababishi ni kirusi.

Misuli isiyo na niuroni yake hunyauka, na mfupa wa mtoto usiovutwa na misuli haukui sawasawa. Huo ndio wembamba na ufupi wa ule mguu. Lakini mwili haukai bure. Niuroni zilizosalimika huchipua matawi mapya na kuzichukua nyuzi za misuli zilizoachwa yatima, hadi niuroni moja inabeba mzigo wa kadhaa. Hii ndiyo sababu mtoto aliyelala kabisa wiki ya kwanza anaweza kurudisha nguvu nyingi miezi inayofuata. Gharama hulipwa baadaye. Miongo kadhaa ikishapita, baadhi ya watu waliougua huanza kuchoka, kuumwa misuli na kupungukiwa nguvu upya, wakati mwingine hata katika mguu waliouhesabu kuwa mzima. Niuroni zilizobeba kupita kiasi zimeanza kuachia. Virusi havijarudi, na mzee anayelalamika hivyo si mvivu wala si mzee tu.

Huku kwetu habari hii haijawa historia. Kisa cha mwisho cha kirusi asilia cha polio nchini kilikuwa mwaka 1996, na mwezi Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa huru na kirusi hicho. Lakini kuna aina nyingine, inayotokana na kirusi kilichodhoofishwa cha chanjo ya matone. Kikizunguka muda mrefu katika jamii yenye watoto wengi wasiochanjwa, hubadilika na kupata tena uwezo wa kupoozesha. Machi 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa aina hiyo, baadaye mwaka huohuo kisa kikathibitishwa Rukwa, na mwezi Septemba watoto wa chini ya miaka 8 wakapewa matone katika mikoa sita, Kigoma ikiwamo. Wanaosema matone ndiyo yenye hatari wanasahau neno moja muhimu katika maelezo hayo: wasiochanjwa.

Kijana wa mchikichi ni hadithi ya upande wa pili. Pingili ikivunjika na kuusaga ugwe mgongo kifuani, kinachoumia zaidi kwa maisha yake ni dutu nyeupe. Dutu ya kijivu ya mahali pale palipopondwa nayo hufa, lakini ni ya pingili moja au mbili. Hasara kubwa ni nyuzi ndefu zilizokuwa zikipita hapo, za hisia zikipanda na za amri zikishuka. Siku za kwanza miguu hulegea kabisa na mkojo huziba, hali ambayo madaktari huiita mshtuko wa ugwe mgongo. Baada ya majuma, dutu ya kijivu iliyo chini ya jeraha huamka. Haina mawasiliano na ubongo, na hasa imekosa vile vizuizi ambavyo ubongo huipelekea kila wakati. Kinachofuata ni misuli kukakamaa, magoti kuruka, vifundo kutetema vikiguswa. Ndugu wakiona mguu unaruka hushangilia kwamba amri zimerudi. Ni vigumu kuwaambia kwamba ule ni mgongo unajiendesha wenyewe.

Hata hivyo si kila aliyeanguka atakuwa hivyo. Mtu anapotua kwa makalio au visigino kutoka juu, pingili zinazovunjika mara nyingi ni za mwisho wa kifua na mwanzo wa kiuno. Kumbuka ugwe mgongo unaishia hapohapo, kwa hiyo dutu ya kijivu ya miguu na kibofu imerundikana nyuma ya pingili hizohizo. Ikipondwa yenyewe, au mizizi inayotoka humo ikikatika, miguu italegea na kunyauka kama ya polio, tofauti ikiwa kwamba hisia nazo zitapotea. Pingili moja juu au chini hubadilisha ulemavu mzima.

Kwa kuwa niuroni na nyuzi za ugwe mgongo hazioti upya kama ngozi, dakika za kwanza chini ya mti zina uzito. Aliyeanguka asivutwe kwa mikono na miguu, wala asikalishwe kwenye pikipiki kati ya watu wawili, jambo ambalo sote tumeliona. Ageuzwe mwili mzima kwa pamoja, kichwa, shingo na mgongo vikiwa kwenye mstari mmoja, kisha alazwe juu ya ubao au mlango uliong'olewa. Nyuzi ambazo mchikichi haukuzikata zinaweza kukatwa na wasamaria.

Kichwani mpangilio umegeuka. Dutu ya kijivu iko nje, na nyeupe iko ndani. Chanzo ni namna ubongo unavyojengwa tumboni mwa mama. Niuroni huzaliwa karibu na vyumba vya maji vya katikati, kisha nyingi husafiri kuelekea nje zikipanda nyuzi za glia, na zinazochelewa kuzaliwa hupita zile za kwanza na kutua juu yake. Mgongoni hazisafiri mbali hivyo, zinabaki karibu na katikati. Safari hiyo ya kichwani huzaa gamba la ubongo, lenye unene wa milimita 2 hadi 4 na tabaka sita karibu kila mahali, lililokunjwakunjwa kiasi kwamba sehemu kubwa ya eneo lake imejificha ndani ya mikunjo. Na si lote liko nje. Ndani kabisa kuna mafungu mengine ya dutu ya kijivu, kama thalamasi, inayopitisha karibu hisia zote isipokuwa harufu, na yale yanayorekebisha mwendo, ambayo yakikosa kemikali iitwayo dopamini huleta mtetemo na kukakamaa kwa misuli kwa ugonjwa wa Parkinson.

Wengi wakisikia dutu ya kijivu hufikiri ni kipimo cha akili. Hesabu inawakatalia. Mwaka 2009 kundi la wanasayansi wa Brazili, akiwamo Suzana Herculano-Houzel, lilivunja ubongo mpaka ukawa rojo, likahesabu viini vya seli, na kupata wastani wa niuroni bilioni 86. Karibu bilioni 69 kati ya hizo ziko kwenye serebelamu, ile sehemu ndogo ya kisogoni inayoratibu mizani na mwendo. Gamba lote la ubongo lina bilioni 16 hivi. Tena gamba la kijana hupungua unene katika miaka ya kubalehe, kwa kawaida kabisa, sinapsi zisizotumika zikipogolewa na mielini ikiongezeka. Anayeuza vidonge vya kuongeza dutu ya kijivu anauza vidonge tu.

Kiharusi huonyesha kichwani kilekile tulichokiona mgongoni. Kidonda kikubwa kwenye gamba kinaweza kuchukua usemi na mkono na kuuacha mguu ukitembea, maana kila kiungo kina eneo lake juu ya gamba. Lakini kidonda kidogo sana, kisichozidi punje ya maharage, kikitokea ndani kwenye dutu nyeupe mahali ambapo nyuzi za amri zimebanana, kinaweza kulaza upande mzima wa mwili huku akili ya mgonjwa ikibaki timamu. Shinikizo la damu lisilotibiwa hupenda sana vishipa vya huko ndani.

Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, na hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake tukiwa tumepumzika, sehemu kubwa ikienda kwenye dutu ya kijivu, kwa kuwa sinapsi ni ghali kuendesha. Hauna akiba ya maana. Mtu aliyezama ziwani akikosa oksijeni dakika chache, niuroni za gamba huanza kufa kabla ya viungo vingi. Mtoto mwenye malaria kali anaweza kuzimia kwa sababu chembe zenye vimelea zimeziba vishipa vya ubongo, na juu ya hilo sukari ya damu yake ikawa imeshuka. Ndiyo sababu mhudumu humtoboa kidole kupima sukari kabla ya mambo mengine mengi. Tabora na Kigoma, ambako malaria bado ni nzito, kipimo hicho si cha kuruka.

Mhudumu huyohuyo, asiye na mashine ya kupiga picha mgongo, anajuaje tatizo liko wapi? Ana nyundo ndogo ya mpira na pini. Anagonga chini ya kifuniko cha goti. Mguu ukiruka kupita kiasi, dutu ya kijivu ya kiuno ni nzima na kasoro iko juu yake, mgongoni au kichwani. Mguu ukinyamaza, kasoro iko kwenye pembe ya mbele yenyewe, au kwenye neva inayokwenda na kurudi. Pini humwambia kama hisia zipo.

Lakini nyundo haimtaji mhalifu. Goti lililonyamaza kwa mtoto linaweza kutokana na polio, na vilevile na ugonjwa wa Guillain-Barré unaoshambulia mizizi ya neva, au sindano iliyochomwa vibaya kwenye makalio ikaujeruhi mshipa mkubwa wa neva wa mguu. Kwa hiyo kila mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea ghafla mguu au mkono hutakiwa kuripotiwa, hata kama mzazi ana uhakika ni sindano. Huchukuliwa choo mara mbili, kwa kupishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu alegee, kwa sababu baadaye virusi hupungua na vinaweza visionekane. Sampuli zote mbili husafirishwa kwenye barafu hadi maabara.